Santuri Nne Zenye Sauti ya Ugogo

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu tenzi, nahau na asili ya maneno, na huenda wengine wakauliza santuri za roki zimeingia kwa mlango gani. Jibu ni fupi. Kwa muda wa mwaka mmoja uliopita nimekuwa nikisikiliza, jioni kwa jioni hapa Dodoma, santuri nne ambazo wauzaji na wahakiki wa ng'ambo huziweka karibu na fungu la roki ya njozi, ya progresivu au ya majaribio, na zote nne zina mkono wa watu wa nyanda hizi za kati. Yaliyoandikwa juu yake yameandikwa karibu yote kwa lugha za Ulaya, na waandishi wake, hata wale wenye nia njema, husema habari za sauti bila kusema habari za lugha. Wanaisikia sauti ya Mgogo kama watu wanavyousikia upepo. Hapo ndipo mwanaisimu anapopata haki ya kuingilia kati.

Hoja nitakayoitetea ni hii: lile linalosifiwa kuwa ni jaribio katika santuri hizi halikuletwa na gitaa la mgeni. Ni kanuni ya kale ya uimbaji wa Wagogo wenyewe, na thamani ya kila santuri yapimwa kwa kadiri mgeni alivyokubali kujifunza kanuni hiyo kabla ya kufungua kinywa chake.

Lakini kwanza yafaa tuyatazame majina, maana majina yamewapoteza wengi. Neno ambalo mimi nalifasiri hapa kwa "njozi" lilibuniwa mwaka 1956 na Humphry Osmond, tabibu wa magonjwa ya akili, alipokuwa akiandikiana barua na mwandishi Aldous Huxley. Alilitunga kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja la nafsi na moja la kudhihirika. Kwa hiyo maana yake ya asili ni kitu kinachoidhihirisha nafsi. "Njozi" si tafsiri kamili, kwa kuwa njozi humjia mtu bila yeye kuitafuta, na hao vijana wa Uingereza na Marekani wa miaka ya 1960 waliitafuta kwa bidii, wengine kwa madawa. Hata hivyo nimeona ni heri neno lenye upungufu ambalo Mswahili analielewa kuliko "saikedelia," ambalo halimwambii kitu.

La progresivu lina kisa cha kufurahisha zaidi. Waingereza wanaposema roki ya progresivu wanakusudia vikundi kama King Crimson, Yes na Genesis: nyimbo ndefu, mizani inayobadilika katikati ya wimbo, na ufundi mwingi wa vinanda. Waswidi nao wana neno "progg," lililokatwa katika shina lile lile, lakini kwao lilikuwa jina la harakati ya wanamuziki wa miaka ya 1970 waliokataa biashara ya muziki na kuegemea siasa za mrengo wa kushoto. Kikundi kingeweza kupiga nyimbo fupi za watoto na bado kikaitwa progg. Neno moja limevuka bahari likabadili itikadi. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu santuri ya kwanza kati ya hizi nne ilizaliwa katika harakati hiyo ya Waswidi, na mtu akiisikiliza kwa matarajio ya Kiingereza hataiona ilivyo.

Sasa tuje kwenye kanuni yenyewe ya Wagogo. Kila uzi unaotikiswa na kila koo linaloimba hutoa, pamoja na sauti yake ya msingi, msururu wa sauti ndogo zilizo juu yake, ambazo mitikisiko yake ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya msingi, na kuendelea. Sikio la kawaida huzichanganya zote likaziita sauti moja. Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria aliyefanya utafiti katika nchi hii katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba ngazi ya sauti za Wagogo yatokana na msururu huo, hasa kutoka ile ya nne hadi ya tisa. Baada yake Polo Vallejo wa Hispania aliuchambua kwa kirefu uimbaji wao wa sauti nyingi. Kwa maneno mengine, Wagogo hawakuazima ngazi yao kutoka kinanda chochote. Wameikuta ndani ya sauti yenyewe.

Sauti ya saba ndiyo yenye matata, na msomaji anisamehe kwa tarakimu chache. Wataalamu hugawanya nusu-toni ya kinanda cha Kizungu katika sehemu 100 ziitwazo senti (hizi hazinunui kitu). Sauti ya saba ya asili iko senti 969 juu ya msingi, oktavu zikiisha kuondolewa. Gitaa la kawaida lina sauti iliyo jirani nayo kwenye senti 1000. Tofauti ni senti 31, karibu theluthi ya nusu-toni. Sauti ya tano nayo iko kwenye senti 386, na ya gitaa kwenye 400. Tofauti hizo si za kupuuzwa. Mtu asiyejua kusoma noti hata moja atazisikia, ila hatajua azitaje, atasema tu kwamba kuna kitu "kinakwaruza" au "kimelegea." Basi mpiga gitaa anayejiunga na kwaya ya Kigogo ana njia tatu: kuinyamazisha sauti yake mahali hapo, kuipinda, au kuikanyaga ya wenyeji. Sijaona njia ya nne.

Kuna na suala la mvumo. Ilimba kubwa ya Wagogo, ndugu wa marimba na wa mbira kwa mzizi wa jina lake, ina meno mengi ya chuma juu ya sanduku la mti, na baadhi ya meno hayo hayaguswi na kidole. Kazi yake ni kuitikia yenyewe pale jirani yake anapopigwa. Tena katika tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, ule mweupe wa kufunikia mayai, ili kila sauti itoke na mvumo kama wa nyuki. Mgeni wa kwanza kusikia hudhani chombo kimepasuka. Mgogo hudhani kimepasuka kama hakivumi.

Sasa tazama mambo yaliyotokea upande wa pili wa dunia. Mwaka 1962 kilianza kuuzwa Marekani kisanduku cha umeme cha kuichafua sauti ya gitaa ili ikwaruze, na mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones alipokitumia kila kijana alikitaka. Mwaka huo huo George Harrison wa Beatles aliingiza sitari ya Kihindi katika santuri yao, chombo ambacho nacho kina nyuzi zisizoguswa zinazoitikia zenyewe. John Cale, aliyejiunga na Velvet Underground, alikuwa ametoka katika kundi la La Monte Young huko New York, ambako waliishikilia sauti moja kwa saa nzima ili kuisikiliza misururu yake, na sauti ya saba ikiwa miongoni mwa zilizopendwa sana. Mwaka 1968 Karlheinz Stockhausen alitunga kazi ya waimbaji sita iliyojengwa yote juu ya sauti ndogo za noti moja, ya saba na ya tisa zikiwamo. Na katika mwaka huo wanafunzi wake wawili, Holger Czukay na Irmin Schmidt, walikuwa Köln wakianzisha kikundi cha Can, ambacho hadi leo huhesabiwa kuwa baba wa roki ya majaribio ya Kijerumani.

Sisemi hata kidogo kwamba watu hao walijifunza kwa Wagogo. Hawakuwajua. Nasema kwamba mvumo, mwitikio wa nyuzi zisizoguswa, sauti moja iliyoshikiliwa, na ile ya saba, yaani vitu vinne ambavyo roki ya njozi na ya majaribio ilivitafuta kwa umeme na kwa nadharia, vilikuwa vimekaa Mvumi na Chamwino katika nyumba za tembe. Nilipokuwa masomoni Ulaya nilisikia rafiki zangu wakizisifu kazi hizo za Köln na New York kama ugunduzi. Ni ugunduzi kweli, kwa wale waliokuwa wamevipoteza vitu hivyo.

Santuri ya kwanza kati ya zetu ni Bado Kidogo, iliyotolewa mwaka 1978 na kampuni ya MNW ya Uswidi. Jalada lake lina majina ya vikundi viwili: Archimedes Badkar, maana yake beseni la kuogea la Archimedes, na Afro 70. Kiongozi wa Afro 70 alikuwa Patrick Balisidya, aliyezaliwa Mvumi mwaka 1946 na kufariki mwaka 2004. Alipitia Dar es Salaam Jazz Band kabla ya kuunda kikundi chake mwaka 1970, na wazee waliocheza dansi katika miaka hiyo hawahitaji kuelezwa na mimi alivyopiga gitaa. Waswidi wale walikuwa wamekwisha kutoa santuri tatu ambamo walichanganya roki na mitindo ya Asia na Afrika, wakati mwingine kwa mafanikio, wakati mwingine kwa shauku tu.

Jina la santuri ni zuri mno kwa mwanaisimu kulipita hivi hivi. "Bado" ni neno linalowatesa wageni wanaojifunza Kiswahili, kwa sababu hulisimamisha tendo mahali ambapo halijawa wala halijakataa kuwa. Na "kidogo" ikiongezwa, umbali unapungua bila tarehe kutajwa. Ni jibu la fundi cherehani ambaye hajaanza hata kukikata kitambaa. Sijui lugha ya Ulaya inayoweza kulisema hilo kwa maneno mawili, na naona kwamba santuri yenyewe ina tabia hiyo: nyimbo hazikimbilii kilele. Mzunguko wa magitaa waanza, wakaa, waongezewa kitu, na mtu anaposubiri mlipuko kama ule wa roki ya Kiingereza hupewa mzunguko mwingine.

Yafaa nieleze kwa nini naiweka juu ya nyingine kwa upande mmoja. Katika kazi nyingi za ushirika wa namna hii mwenyeji huletwa kama kitoweo juu ya chakula cha mgeni. Hapa mambo ni kinyume. Waswidi wamefuata mwendo wa dansi. Vipulizo vyao huingia pale ambapo bendi ya Dar es Salaam ingeweka vipulizo vyake, kisha, wakiisha kupata nafasi kwa adabu, huenda mbali kidogo kuliko ambavyo bendi hiyo ingethubutu. Ndiyo heshima ya mgeni aliyengoja kukaribishwa. Upungufu wake ni kwamba Ugogo wenyewe, kwa maana ya ngazi ya sauti niliyoieleza, haumo. Magitaa ya Balisidya yamepangwa kwa kipimo cha kinanda cha Kizungu kama ya wenziwe wote wa dansi, na lugha aliyoimba ni Kiswahili. Kwa sikio langu Mvumi yasikika mahali pamoja tu, katika namna anavyoziacha silabi za mwisho ziteremke polepole badala ya kuzikata. Lakini sitaapa juu ya hilo.

Jambo la lugha lataka nafasi zaidi. Kigogo ni lugha ya toni. Katika hesabu ya Guthrie imo katika kundi la G, kama Kiswahili, lakini Kiswahili sanifu kimepoteza toni zake na kubaki na mkazo juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi wa Kigogo hana uhuru wa kupandisha na kuteremsha sauti atakavyo, kwa sababu neno lenyewe lina kupanda na kushuka kwake, na anapovunja sheria hiyo huivunja kwa kujua. Mtunzi wa Kiswahili hana kizuizi hicho. Kizuizi chake ni mkazo na mizani. Kwa hiyo Mgogo anapoacha Kigogo na kuimba kwa Kiswahili anakuwa amevua nguo moja na kuvaa nyingine, na njia ya sauti yake yote hubadilika. Mhakiki asiyezitenganisha lugha hizi mbili atasikia badiliko hilo na kuliita "kipaji cha kushangaza" au "hali ya kupagawa," kumbe mwimbaji amehama tu kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Kabla ya kuiacha miaka ya 1970 niseme neno juu ya Sunburst, ingawa si ya Ugogo, ili mtu asidhani kwamba nchi hii haikuwa na roki yake yenyewe. Kikundi hicho cha Dar es Salaam, chenye wanamuziki kutoka zaidi ya nchi moja, kilipiga muziki uliochanganya roki, soli na mwendo wa hapa, na wenyewe waliuita kitoto. Santuri yao Ave Africa ilitoka Zambia mwaka 1976. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Uingereza ilizikusanya kazi zao za 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya. Ni kazi yenye nguvu, tena yenye kucheka, na vijana wetu wengi wameijua baada ya Waingereza kuijua. Hilo halinifurahishi, wala sioni haja ya kulirefusha.

Twaja sasa kwa Hukwe Zawose. Mzaliwa huyu wa mkoa wa Dodoma aliitwa na Mwalimu Nyerere aje Dar es Salaam, akawa katika kikundi cha taifa cha ngoma, na baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichofunguliwa mwaka 1981. Kwa hiyo Ugogo ambao dunia inaujua ni Ugogo uliohamia pwani. Ilimba ya nchi kavu imepigwa kwa miaka mingi mbele ya minazi. Mwaka 1996 alitoa Chibite kwa kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, yule aliyekuwa mwimbaji wa Genesis hadi mwaka 1975. Neno "chibite" ni la Kigogo, "twende". Kiambishi chi- ni cha nafsi ya kwanza wingi, na katika mzizi wake wasomaji wataona undugu na "pita" ya Kiswahili. Santuri hiyo haina gitaa la umeme wala mtambo wa kuigeuza sauti, na kwa sababu hiyo haimo katika nne zangu. Lakini namwomba kila mtu aisikilize kwanza. Ni ya majaribio kuliko nyingi zinazojiita hivyo.

Ya pili katika hesabu yangu ni Assembly ya mwaka 2002, ya Hukwe Zawose pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada ambaye alikwisha kufanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan. Brook ndiye mbunifu wa gitaa linaloweza kuishikilia sauti moja bila kufifia, muda wote mpigaji apendao. Kwa nadharia hapangekuwa na mwenzi bora zaidi wa zeze na ilimba: mtu mwenye chombo cha kushikilia sauti, na mtu ambaye muziki wake wote umo ndani ya sauti iliyoshikiliwa.

Na ndivyo inavyokuwa, katika sehemu zake bora. Pale Brook anapochagua noti moja na kutulia juu yake, koo la Zawose hupata msingi wa kusimama, na sauti ya saba hukaa mahali pake halali bila kusukumwa. Mtu huweza kuisikia ikizaliwa. Wakati huo mvumo wa ilimba na mvumo wa umeme huingiliana hata ikawa vigumu kusema utando wa buibui waishia wapi na waya waanzia wapi. Mambo huharibika pale gitaa linapoamua kuwa gitaa, yaani linapoleta nyaya za kawaida za sauti tatu tatu na kuzibadilisha kila mizani minne. Hapo senti 31 nilizozitaja hugeuka kuwa ugomvi. Zawose hakubali kusogea, na hakika kwa nini asogee? Brook naye hawezi, maana gitaa lake limekwisha kufungwa katika kipimo chake. Ngoma za mtambo zilizowekwa chini yao huwafunika wote wawili, kama watu wanaoongeza sauti ya redio ili jirani wasisikie mabishano.

Wahakiki wengi waliipenda santuri hii kwa sababu ya sauti ya Zawose, wakirudia habari ya kwamba koo lake lilikuwa na upana wa oktavu tano. Yawezekana. Lakini mwanafonetiki hupenda kuuliza swali jingine: aliutumia upana huo kusema nini? Katika nyimbo zake mna salamu, mna maonyo, mna majina ya watu na ya mahali, mna sifa za nchi na vichekesho. Mwenye kuandika kwamba sauti ya Zawose "yavuka maneno" amejipunguzia kazi kwa gharama ya Zawose.

Kuna tatizo la pili, nalo laanzia katika lugha ya makaratasi. Katika mazungumzo ya muziki huu mwenye gitaa huitwa mtunzi, na mwenye ilimba huitwa mapokeo. Jalada la Assembly halina kosa hilo. Majina mawili yameandikwa pamoja, na yastahili sifa. Kosa li kwa waandishi, na sisi hatumo nje yake. Neno letu la "ngoma za asili" hufanya kazi ile ile: likitajwa tu, mtunzi hufa. Watu hawasemi "ushairi wa asili" juu ya Muyaka, husema Muyaka. Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo mwezi Desemba 2003, mwaka mmoja tu baada ya kuzunguka Marekani na Charles Zawose wakiyafungua maonyesho ya Gabriel, na tangu hapo sijaona katika jarida lolote la Kiswahili maneno ya nyimbo zake yakichapwa pamoja na toni zake na tafsiri yake. Kazi hiyo haitafanywa Köln wala London. Ni kazi ya watu wanaosikia Kigogo, na waliokisikia yeye alipokiimba wanazidi kupungua.

Ya tatu, Uhamiaji, ni ya mwanawe Msafiri Zawose, iliyotolewa na Soundway mwaka 2017, na mtayarishaji wake alikuwa Mwingereza Sam Jones. Kwa Mtanzania jina hilo laleta kwanza picha ya dirisha la ofisi na pasipoti, kisha ndipo ndege na mawingu. Nadhani maana zote mbili zimekusudiwa, na kama hazikukusudiwa basi lugha imefanya kazi yake bila kuagizwa. Hapa hamna gitaa linaloshindana. Mna besi nzito na mitambo ya sauti, na mitambo ina faida moja ambayo gitaa halina: haina vigawanyo vya chuma shingoni, yaweza kupangwa popote. Sauti zake nyingi zimeachwa wazi na chache, zikikaa chini kabisa au juu kabisa, na katikati pameachiwa ilimba na koo. Kwa suala la ngazi ya sauti hii ndiyo santuri iliyosikiliza kuliko zote. Ila ni ya taratibu mno. Katika nusu ya pili nilitamani mtu apige kelele kidogo. Baba yake angepiga.

Ya nne ni Maisha ya mwaka 2024, tena kwa Real World, kazi ya Pendo na Leah Zawose, mmoja binti yake Hukwe na mwingine mjukuu. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo huo walikuwa waitikiaji nyuma ya wanaume na wapigaji wa muheme, ngoma za kike za Wagogo ambazo hupigwa zikiwa zimebanwa kati ya mapaja. Sasa wamesimama mbele. Watayarishaji wake wameongeza umeme, lakini kwa kipimo cha chumvi, na mtu aliyezoea Assembly atashangaa jinsi ngoma za watu zilivyoachwa zisikike kama ngoma za watu.

Kinachonivuta zaidi katika santuri hii ni jambo ambalo tatu za kwanza hazikuweza kunipa: sauti mbili za wanawake zikienda sambamba katika ile ngazi ya nne hadi ya tisa. Mwimbaji mmoja akipanda kutoka ya sita hadi ya saba, mwenziwe humfuata chini yake kwa kuiruka hatua moja ya ngazi, na umbali kati yao haulingani kamwe kutoka mahali hadi mahali, kwa kuwa ngazi ya asili yenyewe hufinyika inapopanda. Mwenye kinanda cha Kizungu atasema hawako sawa. Nimeisikiliza na wanafunzi wangu wa fonetiki wa mwaka wa tatu, wengi wao wakiwa si Wagogo, na msichana mmoja wa Bahi alianza kuitikia sauti ya chini kabla ya wimbo kufika katikati, akaipata ile ya saba mara ya kwanza, bila kuyumba. Wenziwe wa Mwanza na Tanga walijaribu kumfuata wakaangukia kwenye senti 1000, wote pamoja, kwa uhodari mkubwa.